Ganzi ya Mpiga Besi

Nilikuwa napiga upindo wa kanzu ya bwana harusi nilipoona tone jekundu kwenye kitambaa cheupe. Kwanza nilidhani ni rangi imenidondokea kutoka mahali. Nilipoinua kitambaa nikaona sindano imezama kwenye kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, tena imezama hasa, na mimi sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Nikaichomoa. Nikajichoma tena kwa makusudi, kidole kile kile, kisha kidole cha pete. Ilikuwa kama kuchoma mpira wa kandambili.

Kanzu niliifua kwa maji baridi na chumvi, doa likatoka, na mwenyewe akaoa siku aliyoipanga bila kujua lolote. Aliyebaki na shughuli ni mimi.

Miaka ile nilikuwa na cherehani yangu barazani kwetu, Lindi mjini. Soko huria lilikuwa limeingia, mitumba imejaa kila gulio, na watu walikuwa wameacha kushona nguo mpya isipokuwa za harusi na za sikukuu. Kazi yangu kubwa ikawa kupunguza viuno vya suruali zilizotoka kwenye marobota. Sikulalamika, maana kazi ilikuwepo. Nikimaliza kazi, hasa Jumamosi mchana, nilikuwa mpiga besi wa bendi ya roki.

Mtu akisikia hivyo hucheka, na wakati ule walicheka vilevile. Aliyeleta maneno hayo ni kaka yangu. Alikuwa na kibanda cha kuuza kanda, na wafanyabiashara waliotoka Dar walimletea kanda za kila namna kwa mkupuo mmoja, za dansi, za taarabu, na ndani yake zilichanganyika za roki ambazo Lindi nzima hakuna aliyezitaka. Kwa kuwa hazikununuliwa, akawa anazisikiliza yeye. Alizisikiliza mpaka zikamwingia. Kisha kiwanda kimoja cha kubangua korosho kilifungwa, na bendi ya kiwanda hicho ikavunjika. Vyombo vikauzwa kwa aliyetaka. Kaka akachukua gitaa la solo, gitaa la besi na amplifaya. Dramu alizichukua rafiki yake, Mmakonde mmoja aliyeshuka kutoka milimani na kufungua banda la vipuri pale Mingoyo.

Besi haikuwa na mtu. Wanaume waliojaribiwa walitaka kupiga dansi, na walitaka walipwe. Siku moja nilipeleka shati la kaka nililokuwa nimelitia viraka, nikawakuta mazoezini nyuma ya lile banda la vipuri. Kaka akaniambia, "Hebu nishikie hili la besi, natyuni nyuzi za langu." Nikalishika. Nikabonyeza uzi mmoja kwa udadisi tu, na ule mngurumo ukapita tumboni mwangu kama lori zito linalopita nje ya nyumba. Sikulirudisha siku ile, wala siku nyingine.

Kupiga besi pale kwetu kulikuwa na mambo yake. Amplifaya ilikuwa inapiga shoti, kwa hiyo nilivaa kandambili kila tulipopiga, hata nikiwa na gauni la maana. Hewa ya bahari ilikula nyuzi. Zikipata kutu zinakosa sauti, zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Dawa yake ilikuwa kuzifungua na kuzichemsha kwenye maji, uchafu utoke. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, alirudi siku moja na njaa yake, akafunua sufuria.

"Leo tunakula tambi za chuma?" akauliza.

"Za kaka yangu hizo," nikamwambia. "Maharage yako jiko lile pale."

Akafunika sufuria taratibu, akaenda kwenye maharage. Hakuwahi kuniuliza kwa nini mke wake anapiga roki. Akiulizwa na wenzake alikuwa akisema kila nyumba ina kelele zake.

Uzi mnene ulipokatika hatukupata mwingine, si Lindi wala Mtwara. Mpiga dramu akaufungia waya wa breki ya baiskeli. Sauti ilitoka, ila waya ule ulichana vidole mpaka vikaota sugu ngumu. Na gitaa lenyewe lilikuwa zito, uzito wa mtoto aliyelala usingizi, ambaye kila ukitembea naye anaongezeka. Mkanda wake wa asili ulikuwa umepotelea kiwandani. Kaka alikuwa ameunga mikanda miwili ya suruali, ya ngozi ngumu, myembamba, na huo ndio niliouvaa begani mwaka mzima. Nikivua gitaa, bega linabaki na mfereji.

Hayo yote niliyachukulia kuwa ndiyo kazi yenyewe. Lakini baada ya ile sindano nilikwenda chumbani, nikafunga mlango, nikavua blauzi mbele ya kioo. Chini ya bega la kushoto kulikuwa na baka. Lilikuwa na weupe wa kufifia, upana wa kifuniko cha chupa, na pembeni yake vibaka vingine vidogo.

Bibi yangu mzaa mama, Mmwera wa huko ndani, alikuwa na hadithi moja ambayo hakuipenda lakini aliisimulia. Jirani yake, mwanamke aliyekuwa hodari wa kusuka mikeka, alianza na baka la weupe mgongoni. Kisha vidole vyake vikaacha kusikia moto. Akachukuliwa kupelekwa kwenye makazi ya wakoma, na wanawe wakalelewa na watu wengine. Bibi alisema, "Alipita hapa mlangoni, hatukumpa hata mkono." Nilipokuwa mtoto nilimwonea huruma yule mwanamke. Siku ile mbele ya kioo sikuwa namwonea huruma mtu mwingine.

Sikumwambia mtu. Nilianza kujipima kwa siri. Niliweka kidole kidogo karibu na pasi ya mkaa niliyopigia nguo, nikawa nasubiri nisikie moto, na moto nikausikia kwa mbali sana, kama habari ya msiba wa watu nisiowajua. Nikaacha kula sinia moja na wanangu. Nikasema tumbo halinikai sawa, nachukua bakuli langu nakaa pembeni. Nikatenga kikombe na taulo. Mtoto wetu mdogo alizoea kunipanda mapajani ninaposhona. Nikawa namwambia cherehani itamkata. Hospitali ipo, si mbali, na sikwenda. Nilijua nikienda nitaambiwa, na nisipokwenda bado nilikuwa na siku ya leo.

Mazoezi sikuacha. Ningeacha, kaka angeuliza sababu.

Kisha tukaitwa Mchinga, kumuaga mwalimu aliyehamishwa. Walimu wenzake walitutaka sisi kwa kuwa tulikuwa rahisi kuliko bendi ya dansi. Ilikuwa mchana, uwanjani mwa shule, watoto wamekaa mbele mchangani. Tulianza vizuri. Kaka alikuwa ametunga wimbo kuhusu barabara yetu mbovu, watu wanaupenda kwa sababu kila mtu ana lake na barabara hiyo. Katikati ya wimbo besi inabaki peke yake, na kidole kidogo ndicho kinachobeba kazi yote. Nikakipeleka kwenye uzi, hakikufika. Nikakipeleka tena, kikaangukia uzi wa jirani. Sikuwa najua kilipo mpaka nikiangalie kwa macho. Mpiga dramu akanisubiri, kaka akanisubiri, kisha wimbo ukaanguka wote, na watoto wakacheka wakidhani ndiyo mwisho wake.

Kaka akanipeleka nyuma ya darasa.

"Una nini wewe? Umelewa usingizi?"

"Kaka, vidole vyangu vimekufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Muda. Na nina baka begani."

Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto anaukagua. Niliposema baka, akauachia. Hakuutupa, aliuachia tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kitu kingine cha kushika. Akatazama kiganja chake. Baadaye akaushika tena na kuubana kwa nguvu, lakini nilikuwa nimekwisha kuona.

"Mumeo anajua?"

"Hajui. Na usimwambie. Uniapie."

"Wallahi simwambii," akasema.

Tukarudi uwanjani, tukapiga nyimbo nyepesi zisizohitaji kidole kidogo, mwalimu akaagwa.

Mume wangu alirudi kutoka kwenye chumvi keshokutwa yake jioni, jua bado lipo. Niliwapakulia chakula, watoto wakazunguka sinia ukumbini, mimi nikachukua bakuli langu nikakaa mlangoni. Akanawa mikono. Badala ya kwenda kwenye sinia, akaja akakaa kwenye kizingiti, magoti yetu yakigusana, akakata tonge kutoka kwenye bakuli langu.

"Baba watoto, acha," nikamwambia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

"Ugali wako umepoa," akasema. "Unakaa nao mno."

"Kaka amekuambia."

"Ameniambia. Alikuja mpaka kwenye chumvi, kwa miguu, juani." Akakata tonge jingine, akachovya. "Kesho siendi kazini. Tunakwenda hospitali."

"Na wakisema ndio wenyewe?"

Akatafuna mpaka akamaliza. "Wakisema ndio wenyewe, tutakuwa tunaujua. Nisogezee mboga."

Nilimsogezea. Tulikula bakuli lile wawili mpaka likaisha, na sikumbuki kama nililia, ila nakumbuka alinipa nyama aliyoipata yeye. Nilikuwa nimemkasirikia kaka kwa kuvunja kiapo, na hasira hiyo ilinishinda kuikamilisha.

Asubuhi tulikaa kwenye benchi la hospitali na kina mama wenye watoto. Mume wangu alikuwa amevaa shati la Idd. Daktari aliyetuita alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nani mgonjwa hapa? Maana wote mmekaa kama mnasubiri hukumu."

Nikamweleza. Nilieleza yote, sindano, pasi, baka, mpaka habari ya yule jirani wa bibi. Hakunikatiza. Akaniambia nifumbe macho, akachukua pamba akaigusisha kwenye baka. "Unasikia?" Nikasema nasikia. Akagusa baka jingine, nikasikia. Akagusa katikati, pembeni, juu. Kila mahali nilisikia, mpaka ikawa inanitekenya. Kisha akashika kiwiko changu cha kushoto, akapapasa kwa vidole viwili nyuma ya mfupa, akafanya vilevile kiwiko cha kulia, akalinganisha.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Nashona."

"Cherehani haifanyi hivi. Nini kingine?"

Mume wangu akajibu, "Anapiga gitaa la besi."

Daktari akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Linavaliwa vipi hilo?"

Nikachukua mkoba wangu, nikapitisha kamba yake begani kama ninavyovaa gitaa, nikanyoosha mkono wa kushoto kama nimeshika shingo yake. Akasimama, akatia kidole gumba kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa bega, pale pale mkanda unapokaa, akabonyeza. Kidole kidogo na cha pete vikawaka kama vimeguswa na ile amplifaya.

"Umesikia?"

"Nimesikia, daktari."

"Basi, ni hapo. Mshipa wa fahamu unapita hapa unakwenda mpaka kwenye vidole hivyo. Mkanda wako unaukanyaga. Na hilo baka ni mba, tena mba wa kawaida. Ngozi inakaa na jasho chini ya mkanda. Ukoma ungekuwa hapo, usingeisikia pamba yangu."

Akaandika dawa ya kupaka. Kisha akavua miwani, akasema jambo nililolibeba miaka yote baadaye: "Na hata ungekuwa huo unaouogopa, dawa yake ipo, ni bure, na mtu anapona akiwa nyumbani kwake na watoto wake. Siku nyingine usikae na hofu ndani. Njoo."

Akaniambia nisilivae gitaa mpaka ganzi ipungue, na nikilivaa tena niwe na mkanda mpana. Mume wangu akauliza upana kiasi gani, kwa makini ya mtu anayenunua mbao. Daktari akamwonyesha kiganja.

Tulipotoka nje mume wangu alikaa kwenye ngazi za hospitali, akashindwa kunyanyuka. Alikuwa mtu wa kubeba magunia ya chumvi, na pale alikaa ameshika magoti, watu wanatupita, anacheka bila sauti. Nami nikakaa. Tukanunua mihogo ya kukaanga kwa mama aliyekuwa pale mlangoni, tukala kwenye karatasi moja, pilipili ikanichoma midomo, nikaona hata pilipili ni habari njema. Jioni ile nilikaa kwenye sinia na wanangu. Mdogo akanipanda mapajani kabla sijamaliza kula, nikamwacha anikoroge atakavyo.

Ganzi haikuondoka kwa pupa. Kwanza ulikuja mwasho kama wa wadudu wanaotembea ndani ya kidole, na siku moja nilishika kikombe cha chai nikakitua haraka kwa kuwa kilikuwa cha moto. Wakati huo huo nilikuwa nashona mkanda. Nilichukua turubai la lori ambalo mpiga dramu alinipa, nikakata upana wa kiganja kimoja na nusu, ndani nikatia sponji la godoro lililochakaa, na upande unaogusa mwili nikauwekea khanga kuukuu, maana khanga hunyonya jasho. Nilipiga mishono mitatu kila ukingo. Sijawahi kushona nguo ya bibi harusi kwa uangalifu ule.

Kaka alikuja na habari ya besi nyingine. Mfanyabiashara mmoja alileta vyombo vikuukuu kutoka Dar, kati yake kuna besi fupi, nyepesi, shingo yake ya kufaa mikono midogo. Tulikwenda kuijaribu Mingoyo. Kweli ilikuwa nyepesi, unaweza kuivaa ukasahau. Lakini nilipoipiga, mngurumo haukuja. Sauti ilitoka safi na ndogo, ikaishia kwenye spika. Niliipiga tena nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani, labda nitaisikia kwenye ukuta, na sikuisikia.

"Ichukue," kaka akasema. "Afya kwanza."

"Nitabaki na langu. Nitapiga nimekaa kwenye stuli, nikichoka kukaa nasimama."

"Roki haipigwi umekaa, mdogo wangu."

"Basi simama wewe kwa niaba yangu."

Mpiga dramu akacheka. "Mimi nimekaa tangu tuanze," akasema, "na hakuna aliyenifukuza."

Tukiwa tunatembea kwenda kutafuta gari la kurudi, kaka akatoa mfukoni pakiti ya nyuzi za besi, mpya, za kweli, bado zimeviringishwa kwenye karatasi zake. Alikuwa amemwagiza dereva wa lori Dar. Miaka michache nyuma usingezipata hata huko Dar. Sasa zilikuwa zinauzwa dukani kama sabuni.

"Siku ile Mchinga," akasema, "niliuachia mkono wako."

"Niliona."

"Nilikwenda kunawa. Nilinawa kwa sabuni, halafu nikajichukia."

Nilimwambia kwamba hata mimi nilikuwa nikinawa, kila saa, na mkono ulikuwa wangu mwenyewe. Akapumua. Hatukulizungumza tena, na halikuhitaji.

Idd iliyofuata tuliitwa Kilwa Masoko kupiga mchana wa Idd Mosi. Barabara ilikuwa ile ile tuliyoitungia wimbo, tukafika wekundu kwa vumbi. Mume wangu alifuatana nasi kwa mara ya kwanza. Alisema anataka kuhakikisha mkanda unakaa panapotakiwa. Watu walikuja kwa kusikia neno bendi, wengine wametoka mpaka Pande na nguo zao za sikukuu, na tulipoanza walitazamana kwanza. Kisha vijana wakaanza kuruka, na kina mama wakaigeuza ile roki kwa viuno vyao ikawa kitu chao. Mzee mmoja aliweka kiganja kwenye kifua chake na kukiacha hapo wimbo mzima.

Nyuzi mpya zilikuwa na sauti mpaka zikanitisha. Kidole kidogo kilikwenda kilipotumwa, na nilisikia kila mkwaruzo wa uzi. Nilipiga nimekaa, nikasimama, nikakaa. Kwenye wimbo wa barabara, besi ilipobaki peke yake, niliinua macho nimtafute mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya spika kubwa, kichwa amekiegemeza kwenye spika yenyewe, mdomo wazi, amelala fofofo. Watu wa karibu wanamnyooshea vidole na kucheka. Nilijua kwa nini. Tangu kaka alipomfuata kwenye chumvi, sikuwa nimemwona akilala namna ile. Mpiga dramu akaniuliza kwa macho kama tupunguze sauti. Nikatikisa kichwa kukataa, nikaendelea kupiga.